Usikate Kanzu Mwana Hajazaliwa: Namna ya Kukadiria Muda na Gharama za Mfumo wa Kompyuta

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii, mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi aliniita ofisini kwake. Alitaka mfumo wa kukusanya ada. Akanifunulia daftari la risiti, akanieleza kwa dakika ishirini hivi, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, itachukua muda gani?" Nikamjibu palepale: "Wiki sita, mama." Tukakubaliana bei, akanipa nusu.

Kazi ile ilichukua miezi saba. Sikukusudia kumdanganya. Nilikadiria kile nilichokiona mezani kwake: jina la mwanafunzi, kiasi alicholipa, kiasi kilichobaki. Sikuwaona wazazi wanaolipa kwa mafungu manne, wala ndugu watatu wanaosoma pamoja na kupunguziwa ada, wala mtoto ambaye nusu ya ada yake inalipwa na kanisa, wala majina yaliyoandikwa kwa namna tatu katika madaftari matatu. Yote hayo yalikuwepo siku ile ile. Hayakutajwa kwa sababu sikuuliza. Bei haikubadilika, hivyo zaidi ya miezi mitano nilifanya kazi bila malipo, na mama yule alifungua mihula miwili akiandika risiti kwa mkono.

Wahenga walionya: usikate kanzu mwana hajazaliwa. Mimi niliikata. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kutengenezewa mfumo wa duka, zahanati, shule au chama, na unataka kujua utakugharimu nini na utakuwa tayari lini. Utamfaa pia kijana anayekaa upande wa pili wa meza. Ninalotaka ulishike ni moja: tarakimu utakayopewa haiwezi kuwa bora kuliko uelewa wenu wa kazi siku inapotolewa. Ukitaka tarakimu nzuri zaidi, usibishane nayo. Ongezeni kuijua kazi, kisha hesabuni upya.

Tenganisha makadirio, bajeti na ahadi

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na ugomvi mwingi wa miradi huanzia hapo. Makadirio yanajibu swali: kazi hii ina ukubwa gani? Bajeti inajibu: tuna fedha kiasi gani? Ahadi inajibu: tutakabidhi nini, lini, kwa bei gani?

Ukimwambia mtaalamu, "Nina milioni kumi, mfumo huu ni shilingi ngapi?" atakayekujibu "milioni kumi" hajakadiria chochote. Amesoma mfuko wako. Taja bajeti yako waziwazi, hakuna ubaya, lakini mwache kwanza apime kazi. Kama kazi ni ya milioni kumi na nane na mfuko una kumi, njia ya haki ni kupunguza kazi: mwaka huu tuanze na akiba na mikopo, ripoti za ziada tuziache hadi mwakani. Kumshinikiza mtu aseme tarakimu ndogo hakuipunguzi kazi hata kwa siku moja.

Makadirio ya kweli pia huwa na ukingo wa chini na ukingo wa juu. Barry Boehm, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1981 kitabu kikubwa kuhusu uchumi wa utengenezaji wa programu, alionyesha kuwa mradi ukiwa bado wazo tu, gharama halisi inaweza kuishia mara nne ya makadirio au robo yake. Kwa hesabu hiyo, "milioni kumi" inayotamkwa katika kikao cha kwanza inaweza kuwa milioni mbili na nusu, na inaweza kuwa milioni arobaini. Kingo hizo zinakaribiana kadiri maamuzi yanavyofanyika. Kupita kwa miezi peke yake hakuzisogezi. Mradi uliokaa mwaka mzima mezani bila mtu kuamua riba itahesabiwaje, bado haujulikani kama siku ya kwanza.

Kaa na mwenye daftari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenyewe ni kukaa na yule anayeifanya kazi kwa mkono: karani, mhasibu, muuguzi wa mapokezi, mtunza stoo. Mwenyekiti anajua kazi inavyotakiwa kwenda. Karani anajua inavyokwenda. Mtaalamu asiyetaka kumwona karani kabla ya kutaja bei, mwogope.

Katika kikao hicho, maswali haya ndiyo yanayoleta yaliyofichika:

- Nionyeshe muamala wa mwisho uliokusumbua. Ulisumbua kwa nini, na uliumaliza vipi?
- Mtu akilipa pungufu, akilipa zaidi, au akilipa kwa jina la mwingine, unafanyaje?
- Nani anaruhusiwa kufuta au kurekebisha, na nani anapaswa kujua kuwa kimerekebishwa?
- Mwisho wa mwezi unampa nani karatasi gani? Naomba nakala.
- Kuna mtu au kampuni nyingine ambayo kazi yako inaitegemea: benki, mtandao wa simu, mamlaka ya mapato?
- Kumbukumbu za zamani ziko wapi, za miaka mingapi, na nani atakayethibitisha kuwa ni sahihi?

Chukua mfano wa riba. Chama kikisema "tunatoza asilimia 12 kwa mwaka", kazi inaonekana ya siku moja. Uliza: asilimia 12 ya mkopo wote tangu mwanzo, au ya salio linalobaki kila mwezi? Mwanachama akilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inasamehewa? Akiongezewa mkopo juu ya mkopo, hesabu inaanza upya? Akichelewa, adhabu inatozwa juu ya rejesho au juu ya salio? Maswali manne hayo yanaweza kuigeuza kazi ya siku moja kuwa ya wiki mbili, na hakuna aliyekuwa amekuficha kitu.

Hatua hii ni kazi kamili, nayo ilipwe peke yake. Tenga wiki moja au mbili, mpe mtaalamu ujira wake, naye akukabidhi hati fupi ya mahitaji, michoro ya kurasa kuu na makadirio yaliyovunjwavunjwa. Hati hiyo ni mali yako. Ukiona mtu huyo hakufai, unaweza kumpelekea mwingine akakadirie upya. Fedha utakayotoa hapa ni ndogo mno ukilinganisha na ya kubomoa na kujenga tena.

Ivunje kazi, kisha kila kipande kipe tarakimu tatu

Bandu bandu huisha gogo, na gogo la mfumo halikadiriki likiwa zima. Kipande kizuri ni kile ambacho mtu mmoja anaweza kukimaliza ndani ya wiki, na ukikitazama unajua kimekwisha au bado. "Sehemu ya mikopo" ni gogo. "Karani anajaza fomu ya maombi, wadhamini wawili wanathibitisha, meneja anaidhinisha" ni kipande.

Kwa kila kipande, mtaalamu atoe tarakimu tatu za siku: mambo yakienda vizuri kabisa, mambo yakienda kama kawaida, na mambo yakiharibika. Jumlisha ya kwanza, ya pili mara nne, na ya tatu, kisha gawanya kwa sita. Hesabu hii ilianza kutumika mwaka 1958 katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, na hadi leo inatosha kwa kalamu na karatasi.

Tuseme chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 400 kinatumia madaftari na Excel, nacho kinataka mfumo. Hapa nimevikusanya vipande katika mafungu tisa ili orodha isiwe ndefu. Tarakimu ni siku za kazi, na ya mwisho ni jibu la hesabu:

- Usajili wa wanachama na ruhusa za watumiaji: 4, 6, 14. Jibu 7.
- Hisa na akiba: 6, 9, 18. Jibu 10.
- Mikopo, wadhamini, riba, marejesho na adhabu: 10, 16, 40. Jibu 19.
- Kupokea malipo ya simu: 5, 10, 39. Jibu 14.
- Ujumbe mfupi kwa wanachama: 1, 2, 9. Jibu 3.
- Ripoti za kamati na za mkutano mkuu: 5, 8, 17. Jibu 9.
- Kuhamisha kumbukumbu za zamani: 5, 10, 33. Jibu 13.
- Majaribio na marekebisho: 8, 12, 22. Jibu 13.
- Kuweka kwenye seva na mafunzo: 4, 5, 12. Jibu 6.

Ukijumlisha tarakimu za kati, unapata siku 78, na hiyo ndiyo ambayo mtu wa haraka angekutajia. Ukijumlisha majibu, unapata siku 94. Tofauti ya siku 16 inatokana na ukweli mmoja: kazi ya kompyuta ina njia chache za kwenda haraka na njia nyingi za kukwama. Kwenye malipo ya simu, mambo yakienda vizuri kabisa unaokoa siku tano. Yakiharibika unapoteza ishirini na tisa.

Sasa tazama umbali kati ya tarakimu ya kwanza na ya tatu. Ujumbe mfupi ni 1 hadi 9, malipo ya simu ni 5 hadi 39. Penye umbali mkubwa pana swali ambalo halijajibiwa. Je, chama kina namba ya biashara, na kwa mitandao yote ambayo wanachama wanatumia, au M-Pesa peke yake? Barua za kuomba kuunganishwa zimepelekwa? Mwanachama akikosea namba ya kumbukumbu, fedha yake itatambuliwaje? Mtandao ukikatika katikati na taarifa ya malipo ikaja mara mbili, mfumo utamhesabia mara moja au mara mbili?

Kwa hiyo usianze na yaliyo rahisi ili uonekane umesonga mbele. Anza na penye umbali mkubwa. Kabla ya mkataba mkubwa, lipia siku tatu za kujaribu jambo moja tu: shilingi 500 itoke kwenye simu ya mwanachama, ifike, isomeke katika jina lake. Siku tatu hizo zinaweza kuishusha ile 39 hadi 15, au zikakuonyesha kuwa kuna kibali cha miezi miwili mbele yako. Lolote kati ya hayo ni heri ulijue sasa.

Juu ya siku 94, weka akiba. Mabaya hupenda kuja pamoja: karani akiugua, mafunzo na uhamishaji wa kumbukumbu vyote vinasimama. Katika mfano wetu, akiba ya robo inatupeleka karibu siku 120. Kwa hiyo jibu la haki ni hili: "kati ya siku 94 na 120 za kazi". Akiba hiyo iandikwe waziwazi kwenye karatasi. Ikifichwa ndani ya kila kipande, italiwa bila mtu kujua imeliwa na nini.

Uliza wengine ilikuwaje

Kukadiria kwa kuangalia mradi wako peke yake kuna udhaifu ambao bidii haiuondoi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi yeye na wenzake huko Israeli walivyokuwa wakiandaa mtaala na kitabu cha shule. Siku moja kila mmoja aliandika kwa siri ni lini kazi itakwisha. Majibu yote yaliangukia kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Ndipo Kahneman akamuuliza mwenzao aliyekuwa bingwa wa mitaala: vikundi vingine kama sisi vilichukua muda gani? Bingwa akafikiri, akakiri kwamba karibu asilimia 40 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka saba hadi kumi. Bingwa huyo alikuwa na habari hizo kichwani, na bado dakika chache kabla alikuwa ameandika tarakimu ndogo kama wenzake. Kitabu kilikamilika baada ya miaka minane.

Kwa hiyo, nawe uliza. Tafuta vyama viwili au vitatu, au shule, zilizokwisha kutengenezewa mfumo unaofanana na wako, uende kuwaona. Usiulize tu kama wameupenda. Uliza: mliambiwa miezi mingapi, ikawa mingapi? Mlilipa kiasi gani juu ya bei ya mwanzo, na kwa sababu gani? Nini mlikisahau? Kama wenzako watatu walichukua miezi minane, na wewe unaambiwa mitatu, anayekuambia akuonyeshe kwa vipande ni nini alichokipunguza.

Nawe kijana mtengenezaji, mali bila daftari huisha bila habari. Kila kipande unachokamilisha, andika ulikadiria siku ngapi na zikawa ngapi. Baada ya miradi mitatu utajua kama wewe ni mtu wa kuzidisha kwa moja na nusu au kwa mbili. Mimi nilipoanza kuandika, niligundua kuwa kwenye kurasa na fomu nakaribia ukweli, lakini kwenye kuhamisha kumbukumbu za zamani nakosea karibu mara tatu. Tangu hapo fungu hilo silikadirii kabla sijalishika daftari lenyewe mkononi.

Geuza siku za kazi kuwa tarehe

Siku 94 za kazi si miezi mitatu. Mtu hatengenezi mfumo siku tano kamili kwa wiki: kuna vikao, kuna simu za wateja wa zamani, kuna umeme unaokatika. Hesabu siku nne zenye tija kwa wiki. Mtu mmoja kwa mwendo huo atahitaji zaidi ya wiki 23.

Wazo linalokuja haraka ni kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960, aliandika kitabu mwaka 1975 kuhusu aliyojifunza hapo, na somo lake linalojulikana zaidi ni kwamba mradi wa programu ukishachelewa, kuongeza watu kunauchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliokuwa wanafanya kazi. Kisha kila mtu anayeongezeka anaongeza watu wa kuelewana nao: wawili wana njia moja ya mazungumzo, watano wana kumi.

Katika mfano wetu watu wawili tangu mwanzo wanafaa, maana kazi inagawanyika: mmoja mikopo na akiba, mwingine malipo na ripoti. Kwa hesabu kavu wangemaliza kwa wiki 12 hadi 15. Ongeza muda wa kusubiriana na kuunganisha kazi zao, iwe wiki 14 hadi 18. Kisha chukua kalenda na uweke alama: Ramadhani, Idi, Krismasi, kufunga hesabu za mwaka, mkutano mkuu wa wanachama. Weka na muda wa kusubiri watu wa nje, kama mtandao wa simu au benki. Mwisho, weka muda wako wewe mwenyewe. Kama kamati hukutana mara moja kwa mwezi, na kila uamuzi lazima upite kwenye kamati, mradi wenye maamuzi sita utakaa miezi sita hata ukiajiri mabingwa. Teua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kujibu maswali ndani ya siku mbili. Hilo halina gharama, na mara nyingi linaokoa muda kuliko mtaalamu wa tatu.

Geuza siku kuwa shilingi

Sasa bei. Tuseme, kwa mfano tu, mmekubaliana shilingi za Tanzania 200,000 kwa siku ya kazi. Siku 94 ni 18,800,000, na siku 120 ni 24,000,000. Kama mtengenezaji amesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 kwa Tanzania Bara utalipa kati ya 22,184,000 na 28,320,000. Nchini Kenya kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Ulizeni mapema kama bei iliyotajwa ina kodi au haina, na kama nawe unapaswa kukata kodi ya zuio. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya mstari huo mmoja ambao haukuandikwa.

Usishangae ujira wa siku ukizidi mshahara wa mwezi uliougawanya kwa thelathini. Ndani yake mna kompyuta, intaneti, kodi ya ofisi, bima, na siku ambazo mtaalamu anatafuta kazi nyingine au anajifunza. Anayetoza kidogo mno ama hajajua gharama zake, ama anategemea kazi ya pili itakayomwondoa kwenye yako mwezi wa tatu.

Kisha yapo yasiyo ya ujira, ambayo huja baadaye yakiwa yameshikana mikono:

- Seva na jina la tovuti, kila mwezi au kila mwaka.
- Ujumbe mfupi. Wanachama 400, ujumbe nane kwa mwezi kila mmoja, ni ujumbe 3,200 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya kampuni utakayotumia.
- Makato ya malipo ya simu: ni chama au mwanachama atakayeyabeba?
- Kama mnataka programu ya simu, kujiandikisha kwa Google ni dola 25 mara moja, na kwa Apple ni dola 99 kila mwaka.
- Kompyuta, printa ya risiti, na betri ya kushikilia umeme unapokatika.
- Muda wa karani wako wakati wa kuhamisha kumbukumbu. Huyo anahitaji msaidizi, au kazi ya kila siku italala.
- Ulinzi wa taarifa za watu. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi. Zina masharti ya usajili, ridhaa na usalama, na masharti hayo yana siku zake za kazi.

Halafu kuna matengenezo. Wengi katika fani hii hutenga kati ya asilimia 15 na 20 ya gharama ya kutengeneza kwa kila mwaka. Kwa mfano wetu, kabla ya kodi, ni kati ya 2,820,000 na 4,800,000 kwa mwaka. Kamati isiyoiweka fedha hiyo kwenye bajeti itaununua mfumo mara mbili.

Mfumo usigeuke boma

Kila mtaa una boma: kuta zimesimama hadi kwenye renta, nyasi zimeota sebuleni, fedha iliisha. Mwenye nyumba aliona kuta zikipanda haraka akadhani amefika nusu. Hajakutana na paa, plasta, nyaya, mabomba, milango. Mfumo nao uko hivyo. Kurasa zinazopendeza huonekana wiki ya nne, mtaalamu anasema "imebaki kidogo tu", nawe unalipa karibu yote. Kazi nzito, yaani hesabu za riba, malipo yaliyopotea, kumbukumbu za zamani na majaribio, bado haijaguswa.

Kinga yake ni kununua chumba kimoja kinachokalika kabla ya kingine. Gawanya kazi katika awamu ambazo kila moja ikikamilika inatumika kweli ofisini. Awamu ya kwanza: wanachama, hisa na akiba, na karani aanze kuingiza michango ya mwezi huu. Ya pili: mikopo. Ya tatu: malipo ya simu na ujumbe, ambayo majaribio yake yalishafanyika mwanzo. Baada ya kila awamu, linganisheni siku zilizokadiriwa na zilizotumika, kisha mkadirie upya zilizobaki. Kama awamu ya kwanza ilikadiriwa siku 25 ikachukua 35, usikubali kuambiwa kuwa mbili zilizobaki zitafidia. Nazo zitachukua mwendo huo huo.

Wakubwa pia wameanguka hapa. Mwaka 2005 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliuacha mfumo wake wa mafaili ya kesi baada ya takriban dola milioni 170 kutumika. Mahitaji hayakuwa yamewekwa wazi na yaliendelea kubadilika, ratiba ilikuwa ya haraka mno, na mpango ulikuwa wa kuhamia kwenye mfumo mpya kwa mkupuo. Fedha hazikukosekana.

Malipo yafuate awamu. Toa kiasi cha kuanzia, kisha lipa kila awamu inapotumika ofisini, na ubakize kama asilimia 10 hadi miezi miwili au mitatu ya matumizi ipite. Katika mkataba andika kuwa programu yenyewe, kumbukumbu, jina la tovuti na nywila kuu ni mali ya chama, nazo zikabidhiwe katika kila awamu. Andika pia njia ya mabadiliko: wazo jipya likija, linaandikwa, linakadiriwa siku na shilingi, ndipo unaamua. Hakuna wazo linaloingia kwa ujumbe wa WhatsApp wa usiku. Mara nyingi utakapoona kuwa wazo lako lina siku sita, utaligeuza mwenyewe liwe la siku moja.

Karatasi ya kuanzia

Wiki hii, kabla hujampigia mtaalamu yeyote simu, kaa na karani wako kwa asubuhi moja. Andikeni katika ukurasa mmoja: kazi zinazofanyika kila siku, kila mwezi na kila mwaka, miamala mitano iliyowahi kusumbua, karatasi zinazotakiwa na wakubwa, na lile moja ambalo likifanya kazi peke yake, fedha yenu haikupotea. Nenda na ukurasa huo. Atakayeusoma na kukutajia bei papo hapo, mshukuru kwa muda wake. Atakayeusoma na kuanza kuuliza maswali, mpe kiti.

Mama yule mwalimu mkuu aliniita tena baada ya miaka mitatu. Safari hii alitaka mfumo wa matokeo. Aliponiuliza itachukua muda gani, nilimwomba siku nane na mwalimu wa taaluma, pamoja na madaftari ya alama ya mihula miwili, na nikamwomba azilipie. Alinyamaza kidogo, akafungua kabati, akayatoa madaftari mwenyewe. Tarakimu niliyomletea baadaye ilikuwa na kingo mbili, na ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Aliisoma mstari kwa mstari, akafuta mafungu mawili, akasaini. Muhula wa pili ulipofungwa, ripoti za wanafunzi zilitoka kwenye printa.